Sabuni, Sodo na Dawa za Msingi: Mahitaji Yanayokwisha katika Kambi za Dadaab

Bidhaa za msaada kwa familia maskini ni za namna mbili. Zipo zinazodumu: sufuria, turubai, jerikeni, blanketi, chandarua. Anayepewa leo atazitumia mwaka mzima au zaidi. Na zipo zinazokwisha: sabuni, sodo, pakiti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini), tembe za homa, chupa ya insulini. Hizi za pili zikiisha, familia hurudi palepale ilipokuwa kabla ya kupewa, na kwa hiyo thamani yake hupimwa kwa muda unaopita kabla ya ugawaji unaofuata. Kambi za wakimbizi za Dadaab katika kaunti ya Garissa zimekuwapo tangu 1991, na historia yake inalionyesha jambo hili kwa uwazi kuliko karibu mahali pengine popote Afrika Mashariki.

Dadaab iko kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa na kilomita 80 hivi kutoka mpaka wa Somalia. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka Januari 1991 na vita kuenea, maelfu ya Wasomali walivuka mpaka kupitia mji wa Liboi. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka huo, kisha Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Zote tatu zilikusudiwa kubeba watu 90,000. Njaa ya 2011 ilipoikumba Somalia ya kusini, idadi ilipita 450,000, na kambi mbili zaidi, Ifo 2 na Kambioos, zikafunguliwa kwa haraka; miaka michache baadaye, watu wengi walipokuwa wamerejea kwao, zikafungwa tena. Ukame uliofuata tangu 2020 uliwaleta wengine, na leo wakazi ni zaidi ya 350,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, huratibu huduma pamoja na Idara ya Huduma za Wakimbizi ya serikali ya Kenya. Hospitali ya Dagahaley iko mikononi mwa Madaktari Wasio na Mipaka, MSF. Hagadera imehudumiwa na shirika la IRC. Na Msalaba Mwekundu wa Kenya umefanya kazi upande wa Ifo. Wanaozunguka kambi hizi ni wafugaji wa maeneo ya Dadaab na Fafi, Wakenya ambao kipato chao mara nyingi hakizidi cha mkimbizi, na ambao hutibiwa katika hospitali hizohizo.

Kiwango kinachotumika zaidi duniani katika kugawa sabuni ni kile cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu: gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za sabuni ya kufulia kwa kila mtu kila mwezi. Familia ya watu saba, ambayo ni ya kawaida Dadaab, inahitaji basi zaidi ya kilo tatu, yaani karibu miche minne ya gramu 800. Kiasi hicho huonekana kikubwa mpaka mtu azihesabu kazi zake. Sabuni hiyohiyo hunawisha mikono baada ya choo na kabla ya kula, huogesha watoto, hufua nguo, hufua vitambaa vya hedhi na vya mtoto mchanga, na huosha vyombo. Mlo wa Kisomali huliwa kwa mkono kutoka sinia moja, jamaa wote wakiizunguka. Ni desturi njema ya kushirikiana, na inafanya mkono wa kila mmoja kuwa jambo la afya ya wote. Upepo wa vumbi nao hauishi. Familia iliyopewa nusu ya kiwango haipunguzi kila matumizi kwa nusu. Huendelea kufua na kuoga, kwa sababu uchafu wa nguo na mwili unaonekana na watu wengine, na huacha kunawa mikono kwa sabuni, kwa sababu vimelea havionekani. Hapo ndipo upungufu mdogo wa bidhaa unapozaa madhara makubwa.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana katika kambi nyingine ya Afrika. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi iliyowahifadhi wakimbizi wa Msumbiji, watafiti waligawa sabuni, kiasi cha gramu 240 kwa mtu kwa mwezi, na kuzifuatilia familia kwa miezi kadhaa. Walikuta kwamba visa vya kuhara vilikuwa pungufu kwa asilimia 27 nyumbani mlimokuwa na sabuni, vikilinganishwa na vya wakati ambapo sabuni haikuwamo. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba waliolinganishwa hawakuwa matajiri na maskini, wala waliosoma na wasiosoma. Walikuwa watu wa kambi moja, waliotofautishwa na kuwapo kwa kipande cha sabuni nyumbani wiki hiyo.

Dadaab imelipa gharama ya uchafu mara nyingi. Mwaka 2012 ulizuka ugonjwa wa homa ya ini aina ya E, unaoenea kwa maji na mikono iliyochafuliwa na kinyesi, ukawapata watu zaidi ya 300. Ugonjwa huu huwa mwepesi kwa watu wengi lakini ni hatari kubwa kwa wajawazito, na hauna tiba mahususi. Ulinzi wake ni maji safi, choo na sabuni. Mwishoni mwa 2015 kipindupindu kiliingia kambini na kuwapata watu zaidi ya 1,000 kabla ya kudhibitiwa mwaka uliofuata. Kilirudi tena Oktoba 2022, wakati wageni waliokimbia ukame walipokuwa wakijenga vibanda vyao pembezoni mwa kambi, mbali na bomba na vyoo. Mwaka 2023 MSF ilieleza kwamba karibu nusu ya wakazi wa Dagahaley hawakuwa na choo kinachofaa kutumika.

Sabuni haifanyi kazi bila maji, na maji ya Dadaab yanatoka ardhini, katika hifadhi kubwa ya chini iitwayo Merti. Katikati ya hifadhi hiyo maji ni matamu; kuelekea kingo zake huwa ya chumvi, na vijiji kadhaa vya wenyeji viko upande huo. Maji ya chumvi huchelewa kutoa povu, kwa hiyo kipande kilekile huisha mapema zaidi. Kiwango cha UNHCR kwa kambi iliyotulia ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani jerikeni moja. Chombo kingine ambacho orodha za misaada hukisahau ni birika la kutawadhia. Nyumba ya Kiislamu hujisafisha kwa maji baada ya haja, na mtoto asiye na chombo kidogo cha kuchukulia maji chooni atatumia kile cha kunywea. Bei ya birika la plastiki ni ndogo mno ikilinganishwa na ya siku moja ya kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu.

Sodo zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu mahitaji yake hufichwa. Mwongozo wa Sphere unamtengea kila mwanamke na msichana aliyebaleghe moja kati ya mambo matatu: mita nne za mraba za kitambaa cha pamba kwa mwaka, au sodo 15 za kutupwa kila mwezi, au sodo sita za kufuliwa kwa mwaka. Juu ya hayo anastahili chupi sita kwa mwaka na gramu 250 za sabuni za ziada kila mwezi. Nyumba yenye mama na mabinti wawili inahitaji basi sodo 45 za kutupwa kwa mwezi, na hakuna mwezi unaoweza kurukwa. Anayepewa pakiti moja katika sherehe ya ugawaji, picha ikapigwa, amesaidiwa kwa siku tano za mwaka.

Kati ya sodo za kutupwa na za kufua hakuna iliyo bora kila mahali. Za kutupwa hazihitaji maji, lakini huacha taka. Zikitupwa chooni hujaza shimo kabla ya wakati, na katika kambi ambako choo kimoja hutumiwa na nyumba kadhaa, shimo lililojaa lina maana ya watu kwenda vichakani usiku. Za kufua hudumu na hupunguza utegemezi wa ugawaji wa kila mwezi, lakini zinadai maji, sabuni, beseni na, zaidi ya yote, jua. Kitambaa cha hedhi kikianikwa hadharani katika ua wenye watu wengi ni aibu. Hivyo wengi hukianika chini ya nguo nyingine au ndani ya kibanda, ambako hukauka nusu na kubaki na unyevu unaoleta muwasho na maambukizi. Ndiyo sababu mgao mzuri wa sodo za kufua huja na kamba ya kuanikia, beseni lenye mfuniko na kitambaa cha rangi iliyokolea. Wanawake wenyewe wakiulizwa kabla ya ununuzi husema mambo haya bila kusita. Wasipoulizwa, bidhaa hufika ghalani na kukaa, au huuzwa sokoni.

Eneo hili lina jambo moja zaidi ambalo mpangaji wa misaada hawezi kulipita. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2014 ulikuta kwamba takriban asilimia 98 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wa Kaskazini Mashariki walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya 2011 imepiga marufuku kitendo hicho nchini Kenya. Kwa Wasomali wengi ukeketaji umekuwa ule wa kushona na kuacha tundu dogo. Damu ya hedhi hutoka polepole, maumivu huwa makali, na siku huongezeka. Msichana wa namna hiyo hatoshelezwi na hesabu ya sodo 15, na anahitaji tembe za maumivu kila mwezi, si mara moja moja. Hapa bidhaa ya usafi na dawa ya msingi ni hitaji moja la mtu mmoja, ingawa kwa kawaida hutolewa na mashirika tofauti, katika siku tofauti, kwa bajeti tofauti.

Kenya imekuwa mbele ya nchi nyingi katika sheria ya sodo. Kodi ya thamani iliyoongezwa juu ya sodo iliondolewa mwaka 2004. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili serikali impe sodo za bure, za kutosha na zenye ubora kila msichana aliyebaleghe aliyeandikishwa katika shule ya umma. Ni sheria ya heshima, na manufaa yake kwa mabinti wa wafugaji wa Garissa ni ya kweli pale shehena inapofika kwa wakati. Mipaka yake pia iko wazi. Shule nyingi za kambini zimeendeshwa na mashirika, si serikali. Wasichana walioacha shule hawamo katika rejista yoyote, na ndio wengi zaidi kadiri umri unavyopanda. Likizo nayo haisimamishi hedhi.

Kwa mtoto mchanga, usafi na dawa hukutana saa ya kwanza ya maisha. Kifurushi cha kujifungulia salama kina mambo machache: kipande cha sabuni, karatasi ya plastiki ya kulalia, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, glavu na kitambaa cha kumfunikia mtoto. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliongeza katika orodha yake ya dawa muhimu za watoto jeli ya klorheksidini ya asilimia 7.1 ya kupaka kitovu. Kifurushi hiki hakichukui nafasi ya mkunga. Humsaidia mama ambaye uchungu umemkuta pembezoni mwa kambi, mvua imekata barabara na gari la wagonjwa halifiki.

Dawa za msingi zilipata orodha yake ya kwanza ya kimataifa mwaka 1977, Shirika la Afya Duniani lilipochapisha dawa muhimu ambazo kila nchi inapaswa kuwa nazo kwa bei ambayo watu wanaimudu. Kwa familia ya Dadaab, zile zinazohitajika mara kwa mara hazizidi vidole vya mikono miwili: parasetamoli, amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwa nimonia ya watoto, ORS na zinki kwa kuhara, dawa ya malaria hasa baada ya mvua, albendazoli ya minyoo, madini ya chuma na asidi ya foliki kwa wajawazito, marhamu ya tetrasaiklini ya macho, dawa ya upele. Nyingi kati yake ni za bei nafuu sana zikinunuliwa kwa jumla.

ORS inastahili kusimuliwa, kwa kuwa ni dawa iliyothibitishwa kambini. Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, wakimbizi walifurika mji wa Bangaon katika jimbo la Bengali Magharibi nchini India, na kipindupindu kikawafuata. Maji ya kutundikia mishipani yalipokuwa yanakwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe. Vifo, vilivyokuwa vikifika asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka chini ya asilimia 4. Mchanganyiko unaotumika leo, uliorekebishwa mwaka 2002, una gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti ya sodiamu kwa lita moja ya maji. Glukosi hapo si chakula tu: utumbo unapoifyonza, huivuta chumvi, na chumvi huyavuta maji. Mtoto mwenye kuhara hupewa pia zinki, miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, au nusu yake akiwa chini ya miezi sita. Tangu 2019 orodha ya kimataifa inatambua ORS na zinki zikiwa zimefungwa pamoja katika pakiti moja, jambo lililomwondolea mama shida ya kupewa kimoja na kukosa kingine. Pakiti zikikosekana kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi humpa mgonjwa muda wa kufika kituoni.

Zahanati inapoishiwa, mkimbizi huenda sokoni. Masoko ya Hagadera, Ifo na Dagahaley yana maduka ya dawa yenye wateja wengi, na baadhi ya dawa zake huvuka mpaka bila ukaguzi. Wauzaji wengi wanawasaidia majirani zao kwa nia njema. Hatari iko katika kuuza antibiotiki kwa tembe mbili tatu, kadiri ya pesa alizo nazo mteja. Mtoto mwenye nimonia anayepewa dawa ya siku moja na nusu badala ya siku tano hupata nafuu, kisha huzidiwa, na vijidudu vilivyosalia hujifunza kuistahimili dawa. Watu hawafanyi hivyo kwa ujinga. Mama hununua tembe mbili kwa sababu kituo cha bure hakikuwa na dawa wiki hiyo.

Magonjwa ya kudumu, kama kisukari na shinikizo la damu, ndiyo yanayoonyesha kwa ukali zaidi maana ya kukatika kwa mgao. Anayetumia insulini hawezi kungoja mwezi ujao. Na insulini ina tatizo la joto: ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na iliyofunguliwa, kwa maelekezo ya kawaida, isizidi nyuzi 25 kwa wiki nne hivi. Vibanda vya Dadaab havina friji. Kwa miaka mingi mgonjwa alilazimika kutembea hadi hospitali kila siku, wengine zaidi ya mara moja kwa siku, ili adungwe sindano. Mtoto alikosa shule, na mzazi alikosa kibarua. MSF ilipima joto ndani ya makazi ya Dagahaley na kukuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaliiga joto hilo katika maabara na kuzijaribu aina mbalimbali za insulini kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2021 yalionyesha kwamba dawa hiyo ilipoteza nguvu kwa kiasi kisichozidi asilimia 1, sawa na iliyohifadhiwa kwenye baridi. Tangu hapo hoja ya kumruhusu mgonjwa aliyefundishwa kukaa na chupa yake nyumbani ina msingi wa kisayansi uliotokana na vibanda vya Dadaab vyenyewe. Hili ni tunda zuri la kuichunguza hali halisi ya familia maskini badala ya kuidai ifanane na hospitali ya mjini. Mtungi wa udongo wenye unyevu, ambao hewa kavu ya Garissa huupoza vizuri, hupunguza joto zaidi.

Njia ya kuzifikisha bidhaa hizi imepitia mifumo miwili. Wa kwanza ni sanduku lililofungwa tayari. Kenya yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza, miaka ya 1980, kupeleka dawa za zahanati za vijijini katika masanduku ya namna hiyo. Sanduku la dharura la mashirika ya kimataifa huwahudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu, nalo limegawanyika katika sehemu za watu 1,000 ili hata kituo kidogo kisicho na daktari kiweze kutumia sehemu yake. Wakati wa mlipuko, mfumo huu hauna mshindani. Mwaka 2011, watu zaidi ya 1,000 walipokuwa wakifika Dadaab kwa siku, hapakuwa na nafasi ya kuandika maagizo. Kasoro yake huonekana hali ikitulia: dawa za malaria hujaa rafuni katika kiangazi huku za kifua zimeisha. Mfumo wa pili ni kituo kuagiza chenyewe kulingana na matumizi yake ya mwezi, kikiweka akiba ya tahadhari na kutoa kwanza dawa inayokaribia kuisha muda. Unahitaji mtunza stoo anayejua hesabu na daftari linalojazwa kila siku. Vituo vya wenyeji katika Garissa huagiza kupitia serikali ya kaunti, iliyokabidhiwa afya mwaka 2013, kutoka kwa KEMSA, mamlaka ya kitaifa ya ugavi wa dawa. Vya kambini hutegemea maghala ya mashirika. Mtu wa kijiji kilicho mkabala na kambi huweza kukosa dawa upande mmoja na kuikuta upande wa pili, na wakati mwingine hali hugeuka.

Umbali huongeza uzito wa kila kosa. Mvua za masika na vuli huikata barabara ya Garissa hadi Dadaab, kama ilivyotokea kwa mafuriko ya 2006 na ya 2023. Usalama nao: baada ya wafanyakazi wawili wa MSF kutekwa nyara Oktoba 2011, safari za mashirika zilipungua na kuhitaji ulinzi wa polisi, na kazi ya kugawa na kuhudumia ikabebwa zaidi na wakimbizi wenyewe, wanaolipwa posho tu. Wengi wa wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kambini ni hao. Wao ndio wanaojua nyumba gani haina sabuni, na inasikitisha kwamba maarifa yao hufika mara chache pale maagizo yanapoandikwa. Kwa sababu ya barabara na usalama, bidhaa ya mwezi wa Aprili lazima iwe ghalani Machi. Misaada isiyoombwa nayo ni mzigo. Miongozo ya kimataifa ya 1996 inataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai zinapowasili na ziandikwe kwa lugha inayoeleweka. Ilitungwa baada ya aibu kama ile ya Bosnia, ambako kati ya 1992 na 1996 zilikusanyika dawa zisizofaa zinazokadiriwa kufika tani 17,000.

Je, familia ipewe bidhaa au pesa? Mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta Dadaab utaratibu wa Bamba Chakula, ambapo sehemu ya posho huingia katika simu na kutumika kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Uliinua biashara za kambini na kumpa mama uhuru wa kuchagua, ila ulifungwa kwa chakula pekee: hakuweza kununua sabuni kwa pesa hiyo. Palepale, familia nyingi huuza sehemu ya mgao wa chakula ili zipate sabuni, sukari au dawa, na hupoteza thamani katika kila uuzaji. Kwa sabuni na sodo, pesa taslimu hufanya kazi pale soko lina bidhaa na bei haipandi siku ya malipo. Inafaa pia kuangaliwa nani ndani ya nyumba anashika simu, kwa kuwa sodo si kitu ambacho binti humwomba baba. Kwa dawa za antibiotiki na insulini, pesa haifai. Hizo zinahitaji mhudumu wa afya.

Kila mfumo huanza na orodha ya majina, na aliye nje ya orodha hana sabuni. Serikali ilisimamisha usajili wa wakimbizi wapya Dadaab Oktoba 2011, na waliofika baada ya hapo waliishi kwa mgao wa jamaa zao. Kadi ya watu watano ililisha na kuogesha wanane. Usajili ulipofunguliwa tena mwaka 2023, maelfu ya watu waliokuwa wakiishi kambini walionekana kwa mara ya kwanza katika hesabu. Upungufu wa sabuni katika miaka hiyo ulikuwa mkubwa kuliko ulivyoandikwa, kwa sababu kiwango cha mtu mmoja kilipigwa hesabu kwa kadi, si kwa midomo na mikono iliyokuwapo.

Fedha za misaada zilipopunguzwa mwaka 2025, mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Kenya ulishushwa Juni hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Katika nyumba yenye njaa, shilingi ya kwanza huenda kwa unga, na sabuni husubiri. Mwaka huohuo serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kambi ziwe makazi ya kawaida na huduma za wakimbizi na wenyeji ziunganishwe. Kwa upande wa afya, kuunganishwa huko kunapitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Huduma ya msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali kwa aliyejiandikisha. Matibabu ya hospitali hudai mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba, na utaratibu ulipoanza asiye na mshahara alitakiwa kuulipa wa mwaka kwa pamoja, yaani 3,600. Kwa mfugaji aliyepoteza mifugo katika ukame, au mkimbizi anayebeba mizigo kwa mkokoteni wa punda, kiasi hicho kwa mara moja ni kikubwa.

Bima hiyo hulipia kitanda cha mtoto anayehara, dripu yake na dawa zake. Hailipii sabuni, sodo wala birika. Kambi zikiingia katika utaratibu wa kaunti, bidhaa za usafi zitabaki bila mwenyewe, isipokuwa zitengewe fungu lake katika bajeti ya afya ya Garissa, kwa hesabu ya watu na miezi, na ziwekwe katika mifuko ya wahudumu wa afya ya jamii pamoja na ORS na zinki.